Kitabu cha Herufi C

Neema aliponipigia simu nilikuwa jikoni namenya viazi, na kwa kuwa namba sikuijua, nusura niiache iite mpaka ichoke. "Auntie Mwende? Ni Neema. Neema wa Papa Neema." Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka minne, ameketi chini ya meza anakula samaki wa kukaanga na kupangusa vidole kwenye soksi zangu. Sasa sauti ilikuwa ya mtu mzima. "Auntie, Papa ali-pass Sunday. Mazishi ni Saturday, hapa Fort Worth. Mama anasema u-come na saxophone." Nilimwambia pole mwanangu, pole sana, nitakuja. Nikakata simu nikaendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kama gololi. Miaka ishirini na moja sikuwa nimezungumza na baba yake. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda akimtafuta mwingine.

Asubuhi ya Jumamosi niliweka saksafoni kwenye buti, na kwenye kiti cha abiria nikaweka vitabu viwili. Vina jalada moja, nyimbo zile zile, kurasa zile zile, na kinachovitofautisha ni herufi moja iliyochapwa kwenye kona ya juu. Kimoja ni kitabu sahihi cha chombo changu, nacho ndicho nilichokusudia kukitumia mazishini. Kile kingine sijui nilikibebea nini. Kutoka Katy ninakoishi siku hizi hadi Fort Worth ni mwendo wa saa nne na ushee, na hizo ni saa nyingi kwa mtu mwenye jambo moja tu la kuwaza.

Mwaka wa 2003 nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikikaa Stafford katika chumba cha nyuma cha Mama Kevin, muuguzi Mkenya aliyefika Houston kabla yangu. Kilikuwa chumba safi, chenye zulia la rangi ya uji, dirisha lililotazama ukuta wa jirani, na kabati la nguo la kuingia ndani, kubwa kuliko bafu la watu wengi ninaowajua. Kwenye friji nilipewa rafu ya chini kabisa, na sufuria yangu niliibandika jina ingawa hakuna aliyewahi kuigusa. Mama Kevin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi mbili, nami nilikuwa naogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia watu huko Katy, kwa hiyo yeye akiingia mimi natoka, tukipishana mlangoni. "Mwende, umekula? Si kuna githeri kwa microwave." Nikisema asante Mama Kevin, yeye ameshafunga mlango wa chumba chake. Watoto wake nikiwasalimu kwa Kiswahili walinijibu "I'm good" bila kuinua macho. Kazini jina langu lilitamkwa vibaya kutwa nzima, na nyumbani halikutamkwa hata vibaya. Kuna siku nilipoegesha gari nilijiuliza nimesema maneno mangapi ya Kiswahili tangu niamke, nikapata mawili, "hodi" na "asante". Nilikaa garini nikalia, kisha nikaingia ndani kula githeri.

Saksafoni niliipata kwa sababu ya redio ya gari. Njia ya kutoka Katy jioni ni msongamano mtupu, na kulikuwa na stesheni moja iliyopiga jazi saa hizo. Nilipenda vile chombo kimoja kinasema jambo, halafu kingine kinajibu, halafu cha kwanza kinasubiri. Siku moja nikapita kwenye duka la vitu vya rehani karibu na nyumbani nikatoka na saksafoni ya alto iliyokuwa na mkwaruzo tumboni. Kwa nini saksafoni na si gitaa, sijui. Labda ni kwa kuwa inapigwa kwa pumzi, nami nilikuwa na pumzi nyingi zisizo na mtu wa kuambiwa. Nilitoa nakala ya ukurasa mmoja maktaba, ule unaoonyesha vidole vinafunga wapi kwa kila nota, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati. Baada ya mwezi nilikuwa naweza kupanda na kushuka ngazi ya sauti bila kupiga kelele za bata. Ndipo nikaenda kutafuta kitabu.

Duka lenyewe lilikuwa Houston, chumba kirefu chenye harufu ya karatasi na nta, rafu mpaka darini, vitabu vimepangwa kwa chombo, kisha kwa ugumu. Muuzaji alikuwa mzee mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Nilimwambia nataka nyimbo za jazi za mtu anayeanza. Akanipeleka kwenye kitabu kimoja kilichowekwa katika mafungu matatu, akaniuliza chombo changu, nikamwambia ni alto. Akasema basi nichague fungu la ufunguo wa chombo changu, niangalie herufi ya pembeni. Sasa hapa lazima nieleze ujinga wangu ulitoka wapi. Mimi ni mtoto wa solfa. Katika kwaya za kwetu, wimbo wote uliandikwa kwa do, re, mi kwenye karatasi iliyopigwa chapa, na mwalimu akishakupa do yake, wewe huulizi imetoka wapi. Ikiwa juu unaibeba juu, ikiwa chini unaibeba chini. Ufunguo ulikuwa shida ya mwalimu. Kwa hiyo nikamjibu yule mzee, kwa majivuno ya mwimbaji aliyewahi kufika fainali za tamasha la shule, kwamba ufunguo kwangu si tatizo, naweza wowote. Alinitazama, akafungua mdomo, na simu ya kaunta ikalia. Akaniacha pale.

Mafungu mawili yalikuwa na vitabu vipya, vyeupe, visivyo na alama. Fungu la tatu, lenye herufi C, lilikuwa na kitabu kimoja kilichotumika. Mfuko wa plastiki wa nyuma, ilipokuwa imekaa CD ya kufanyia mazoezi, ulikuwa mtupu. Lakini ndani, kila ukurasa, mtu alikuwa ameandika kwa penseli. Hapa pumua. Hapa usikimbie. Ukurasa wa kumi na nne aliandika, kwa mwandiko mdogo, huu ndio mzuri kuliko yote. Nilisimama kwenye njia ile nikisoma penseli ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuchagua kitabu kwa sababu kina mtu ndani. Nikakilipia, yule mzee bado yuko kwenye simu.

Kuanzia hapo kabati likawa shule yangu. Nilifunga mlango, nikasukuma makoti pembeni nipate mahali pa viwiko, nikaegemeza kitabu kwenye masanduku ya viatu. Nguo zilimeza sauti, ila si yote. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba cha Mama Kevin, na siku moja nilipopumzika nilimsikia akiongea na dada yake wa Nakuru. "Aki huyu msichana ni mzuri, halipi late, haleti watu. Lakini analia kwa closet. Kila siku after job. Ati ni saxophone, lakini mimi nasikia tu mtu akilia." Akamsikiliza dada yake. "Hapana, sijamwuliza. Nitamwuliza nini sasa?" Nilikaa juu ya masanduku ya viatu, saksafoni mapajani. Nilicheka kwanza. Halafu nikaona hajakosea sana. Lakini nilipata bidii ya ajabu, na kufikia Juni ule ukurasa wa kumi na nne niliupiga wote, nikapumua mahali penseli ilipotaka. Nilijisikia hodari. Hakuna aliyekuwepo wa kusema vinginevyo.

Ibada ya Kiswahili ilikuwa Missouri City, Jumapili mchana, katika ukumbi ambao Wamarekani walituachia wakishamaliza yao. Wakenya tulikaa upande wa dirisha, Wakongo karibu na jukwaa, na Mungu akatuvumilia sote. Aliyepiga kinanda alikuwa Byamungu, Mkongo wa Bukavu, mfupi, mwenye viganja vilivyopasuka kwa kubeba maboksi ya vigae ghalani. Watu wote walimwita Papa Neema. Alipiga akitazama dari, na vidole vyake havikuwahi kugusa hata kitufe kimoja cheusi. Siku moja niliona ajabu nikamwuliza. "Ile nyeusi naiachiaka wenye masomo," akasema. Kumbe kinanda chake kilikuwa na kitufe kinachopandisha au kushusha sauti yote, hatua ndogo moja kila kikibonyezwa. Mwimbaji akianza juu, yeye anabonyeza mara kadhaa, halafu anaendelea na vyeupe vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na ilimtosha.

Alikuwa ameona sanduku la saksafoni garini. "Dada Mwende, ile ni chombo ama ni bunduki?" Nikamwambia ni chombo, lakini najifunza tu. "Leta." Nilikwenda kuileta. Watu walikuwa wanakunja viti. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne, nikamwonyesha zile herufi za kodi, sauti za kupigwa pamoja, zilizoandikwa juu ya mistari, akacheka. "Mi sijuake kusoma ile. We taja, mi nitafuata." Nikamtajia nne za mwanzo, C, kisha A ndogo, kisha D ndogo, kisha G. Akazipiga mara mbili apate kuzizoea, akanipa ishara ya kichwa. Nikapuliza.

Ilikuwa mbaya. Siwezi kuieleza vingine. Kila nota niliyoitoa iligombana na yake, na mama mmoja aliyekuwa anafagia akasimama na ufagio. Miezi mitano ya kabati, na hii ndiyo mara ya kwanza sauti yangu kukutana na ya mwingine. Nadhani uso wangu ulisema yote, maana Papa Neema aliinua mikono kutoka kwenye kinanda kama aliyeungua. "Ngoja, Dada. Ngoja. Si weye. Ni kinanda hii, iko na makosa. Ilianguka wakati tulihama." Akainama, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akabonyeza kitu. "Bon. Tuanze tena."

Tukaanza tena, na ikawa wimbo. Nilipomaliza sentensi yangu yeye akajibu, kisha akasubiri, kama kwenye redio. Yule mama akaendelea kufagia, ila polepole. Nilifika mwisho wa ukurasa, nikashusha chombo. "Umejifunza na nani?" akaniuliza. Nikamwambia peke yangu, kabatini. "Kabatini," akarudia. "Kesho kutwa uje kwangu. Mama Neema atapika."

Basi kuanzia Juni mpaka Novemba nilikuwa na mahali pa kwenda. Waliishi Alief, ghorofa ya pili, sebule ya kochi moja na televisheni isiyozimwa, kinanda kimesimama kati ya meza na mlango wa bafu. Mama Neema alinipakulia sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka inang'aa, akicheka nikisita. "Ba-Kenya, munaogopaka mafuta? Kula, utapata pumzi." Neema akiwa chini ya meza. Tukimaliza kula mimi nilifungua kitabu, Papa Neema akaenda kwenye kinanda, na kila mara kabla hatujaanza aliinama akabonyeza. Nilizoea kuona mgongo wake ukiinama. Nilidhani anarekebisha ile hitilafu ya kuanguka. Tulipitia kitabu kizima, wimbo baada ya wimbo, mimi nikitaja herufi, yeye akitazama dari. Nyumbani Mama Kevin aliniambia, "Mwende, siku hizi unaimba kwa shower. Umepata mtu?" Nikamwambia nimepata wawili na mtoto. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nina umri wa kutosha kulisema hilo bila kujidanganya.

Mwishoni mwa Novemba binamu yake alimpatia kazi kiwandani Fort Worth, saa nzuri, nyumba rahisi. Walifunga vitu kwa siku mbili. Nilisaidia kukunja mablanketi. "Utakuja, Dada. Fort Worth si Ulaya," akasema. "Kinanda itakungojea." Niliahidi. Kisha nikarudi Stafford, kwenye rafu yangu ya chini, na kabati lililokuwa limenitosha tangu mwanzo wa mwaka likawa dogo ghafla.

Ndipo Januari nikasikia kuna shule ya muziki mjini ambako Jumamosi mchana wanafunzi wa nje wanaruhusiwa kupiga na mpiga piano, mbele ya wengine. Nilijiandikisha. Nilivaa gauni la kanisani. Walikuwepo watu kama ishirini kwenye viti vya chuma, wengi vijana. Mpiga piano alikuwa mwalimu mwenyewe, msichana mdogo kuliko mimi. Nilimpa jina la wimbo, akasema anaujua, akafungua kitabu chake chenye jalada kama langu. Tukaanza, na lile jambo la ukumbini likarudi, ule ugomvi wa sauti. Lakini safari hii sikuogopa. Nilishusha saksafoni, nikageuka, nikamwambia kwa upole, kwa uhakika, mbele ya watu wote, kwamba piano yao ina makosa. Labda iliangushwa walipokuwa wanahama.

Walicheka. Si kwa ubaya, walidhani natania. Walipoona sitanii wakanyamaza, na hapo ndipo palipouma. Mwalimu alikuja, akaangalia kitabu changu, akaweka kidole kwenye herufi ya kona. Akanieleza taratibu kwamba kitabu cha C ni cha piano. Saksafoni ya alto ikiisoma nota ile ile, hutoa sauti nyingine, hatua ndogo tatu mbali, ndiyo maana kitabu chake huandikwa upya. Peke yako hutajua kamwe, alisema. Lazima uwe na mwenzako. "Hujawahi kupiga na mtu?" Nikasema nimewahi, miezi sita, na mtu wa kinanda. Akashangaa. "Na hakukwambia?"

Nilirudi nyumbani naendesha kwa meno yaliyokazwa. Kila mgongo ulioinama nikauona upya. Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, akabonyeza mara tatu, akanyamaza. Nikawaza alivyokuwa akimweleza mkewe nikishatoka, wakicheka na Mama Neema juu ya yule Mkenya anayejiona msomi na kitabu chake. Kumbuka nilikuwa natoka kuaibika, na mtu aliyeaibika huona meno kila mahali. Wiki ile nilirudi dukani nikanunua kitabu sahihi, kipya, cheupe, kisicho na penseli. Papa Neema alipiga simu kwa Mama Kevin mara tatu mwezi ule, akaacha ujumbe kwenye mashine ya simu. "Dada Mwende, ni Papa Neema. Tuko muzuri huku. Kinanda iko tayari, uje." Nilisikiliza nikiwa nimesimama na koti, nikafuta. Mara ya nne hakupiga. Asiyejua maana haambiwi maana, nami nilikuwa sijui.

Tangu hapo nimepiga na watu wengi wenye vitabu sahihi. Nimepiga kanisani, harusini, mara moja hata kwenye mkahawa. Wote ni wema, na wote husubiri mimi niwafuate, jambo ambalo ni haki yao kabisa. Hasira iliisha zamani, labda mwaka wa pili. Kilichobaki ilikuwa haya, na haya ikikaa sana inageuka mazoea. Fort Worth ilikuwa saa nne tu siku zote hizo. Nilikuwa na gari.

Ukumbi wa mazishi ulijaa. Mama Neema, mwembamba sasa, alinishika mikono miwili akasema, "Ulikawia, Dada," nami sikujitetea. Neema aliniongoza mbele, mwanamke mrefu mwenye paji la uso la baba yake. Ndiye angepiga kinanda. "Papa alinifunza white keys peke yake," akasema akitabasamu na kulia pamoja. Nikaweka kitabu kipya kwenye stendi, nikakifungua ukurasa wa kumi na nne. Ndipo nikaona, kwenye kinanda, kando ya kile kitufe, kipande cha plasta nyeupe iliyokwisha kuwa ya manjano pembeni, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: DADA MWENDE +3.

"Papa hakutaka mtu a-touch hiyo tape," Neema akasema. Nikamwambia naona walihama na kinanda hicho kutoka Alief. "Hapana, Auntie. Ile ya zamani ilikufa. Hii tulimnunulia nikiwa high school. Siku ile ile alikata tape, akaandika. Nilimwuliza kwa nini, akasema kuna mtu atakuja."

Nilikifunga kitabu sahihi. Nikawaomba watu radhi, nikatoka nje mpaka kwenye gari, watu mia wakiningoja, nikarudi na kile kingine. Penseli bado inasomeka. Neema alipoona sijaanza kupiga akaniinamia. "Auntie, kuna shida?"

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Kinanda hiki kina makosa. Bonyeza hapo mara tatu, tuanze."